Mtunzi wa Wimbo Mmoja

Mpendwa Mjomba,

Hali yako siulizi, maana huko uliko hakuna anayejibu barua. Sisi huku hatujambo. Mama, dada yako, magoti yanamsumbua lakini mdomo u mzima, na mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi kikundi chako kilicheza tena "Bibi Harusi wa Kivuko", na kuna mtu aliyejiaibisha mbele ya ukumbi mzima. Mtu huyo ni mimi. Nataka habari uipate kwangu, kabla mwingine hajakuletea ya kwake na chumvi juu.

Unakumbuka siku mchezo huo ulipochezwa mara ya kwanza? Bibi harusi anatoka ng'ambo ya Ruvuma, kivuko kinakwama mchangani katikati ya mto, ukoo mmoja umesimama kule na mwingine huku, na kwa kuwa hawawezi kufikiana, wanaimbiana. Kwa ujanja wako ukaugawa na ukumbi: waliokaa kushoto wakawa watu wa ng'ambo, wa kulia wakawa watu wa Mtwara. Kisha katikati ukausimamisha mchezo, ukatoka mbele na kofia yako nyeupe ya kufuma, ukaanza kuwafundisha watu kiitikio kama watoto wa madrasa. Waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Mimi nilikaa nimekunja mikono. Kiitikio kilikuwa kile kile cha mchezo uliotangulia, na cha uliotangulia huo, umekivalisha tu maneno mapya.

Kesho yake nikaingia redioni kwenye kipindi changu cha sanaa, nikasema: "Mtunzi huyu ana wimbo mmoja tu, anaubadilisha nguo. Na hadhira si kwaya." Sikuwa na ugomvi na wewe, Mjomba. Nilisema nilichokisikia kwa masikio yangu. Mwalimu Nandonde, anayefundisha muziki chuoni, alinipigia kunipongeza. Alisema unachota kaswida huku, ngoma kule, kwaya ya kanisani pale, unakoroga kama uji, na kila mchezo wako lazima watu walie katikati na wacheze mwisho, wapende wasipende. Wapenzi wa michezo yako hawakunipongeza. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha Rahaleo walinigomea wiki nzima. Nikifika tu, kila mmoja ana abiria wake anayemsubiri mahali. Issa, yule mwembamba, akanibandika jina: Wimbo Mmoja. Jina likashika mtaani kuliko Somoe, jina nililopewa na mama.

Na wewe badala ya kununa kama watu wengine, ulifanya nini? Kwenye mchezo uliofuata ukamweka mtangazaji mwenye miwani kama yangu na mkoba kama wangu, na maneno yangu yote ya redioni ukamwimbisha kwa wimbo ule ule! Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, halafu nikacheka mpaka miwani ikaanguka chini ya kiti. Wewe umesimama pembeni ya jukwaa unanipungia kofia.

Tulipotoka tulikaa barazani kwa mama tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, nikakubana.

"Mjomba, kweli kabisa, huna wimbo mwingine?"

"Ninao. Wewe ushawahi kubeba gunia la korosho?"

"Sijawahi."

"Basi kula ming'oko yako."

Lakini lini wewe uliweza kunyamaza? Ming'oko haijaisha, ukaanza kunisimulia habari za ujana wako bandarini, ulipokuwa mwimbishaji wa genge la makuli. Kila asubuhi genge lilipata mtu mpya: huyu Mmakonde katoka Newala, yule Mmakua, mwingine kavuka mto juzi tu na Kiswahili chake cha kuokoteza. Wawili wananyanyua gunia wanamtwika wa tatu, na wakati wa kunyanyua umo ndani ya wimbo. Anayeupoteza wimbo ananyanyua mapema au anachelewa, na gunia linamwangukia mwenzake mguuni. Ukavua kandambili ukanionyesha kidole chako kilichopinda.

"Hiki kilivunjwa na wimbo mzuri," ulisema.

Siku kilipovunjika ulikuwa umewajia wenzako na wimbo mpya, wenye kona nyingi, ulioutunga kwa siku tatu usiku na kuupenda kuliko vyote. Mgeni wa asubuhi ile akapotelea kwenye kona ya pili. Tangu hapo, ukitunga, ulikuwa unajiuliza kitu kimoja tu: aliyekuja leo ataudaka?

Nikakwambia ukumbini hakuna gunia, watu wamekaa kwenye viti. "Hivyo ndivyo unavyoona wewe," ulisema, ukachukua mng'oko wangu wa mwisho.

Ubishi huo hatukuumaliza. Mwaka jana, kabla ya msimu wa korosho, ulituacha. Hata mazikoni hukuachwa upumzike: watani zako walilizuia jeneza njiani, mmoja akalala chini kabisa, wakasema hupiti mpaka utoe wimbo wa pili. Watu walicheka na kamasi zinawatoka. Mimi nililia kuliko wote, Mjomba, kwa sababu sikuwahi kukwambia kwamba nakupenda, wewe na wimbo wako huo huo. Nilichokwambia kilikuwa makosa yako tu, tena kwa kipaza sauti.

Sasa njoo kwenye Jumamosi. Unajua kwetu cha mjomba kinashuka kwa mpwa. Wazee wa ukoo walikaa, wanao wakaridhia, nikakabidhiwa kofia yako. Kikundi nacho kikasema mwenye kofia ndiye anayetoka katikati ya mchezo kufundisha watu kiitikio, na asipotoka mtu wa ukoo, mchezo hauchezwi. Nikawaambia haiwezekani. Mtu aliyesema hadhira si kwaya atasimamaje kuiimbisha hadhira? Mama akaniangalia.

"Maneno yako bado unayaamini?"

"Nayaamini, mama."

"Basi vaa kofia, nenda nayo hivyo hivyo. Kwani mjomba wako alikukataza kuamini?"

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kivuko kikakwama, bibi harusi akakaa juu ya sanduku lake, ikawa zamu yangu. Nikatoka. Nikafungua mdomo, nikauanza wimbo juu sana, kule anakofika kuku akikamatwa. Hakuna aliyeitikia. Ndipo Mzee Liwowa, wa genge lako la bandarini, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Shusha mzigo, Somoe! Huko juu nani atakufikia?"

Watu walicheka mpaka wakapigana mabega. Nilicheka na mimi, nikashusha, nikaanza upya. Upande wa kushoto ukaitikia, wa kulia ukajibu. Mstari wa mbele alikaa mama mmoja aliyevuka mto asubuhi ile kuja kumwona binti yake, hajawahi kuingia ukumbini humo. Mara ya kwanza alimuuliza jirani maneno. Mara ya pili alishika mwisho wa mistari. Mara ya tatu aliwapita wenyeji kwa sauti, mkono umeinuka juu. Nikakikumbuka kidole chako, na sauti ikanikatika.

Hawakuacha, Mjomba. Waliendelea bila mimi, na nilipokuwa tayari nikaingia nao, kwa sababu wimbo wako unaingilika popote. Gunia lilikuwepo. Nilikuwa nalo tangu siku tuliyokuzika, na Jumamosi wale watu, nusu yao siwajui hata majina, walininyanyulia.

Mwalimu Nandonde alinisubiri mlangoni, kakunja uso.

"Somoe, kiitikio ni kile kile."

"Ni kile kile, Mwalimu."

"Na sasa kimenikaa kichwani, sijui nitakitoaje."

Leo asubuhi nimesema redioni kwamba mtunzi wa "Bibi Harusi wa Kivuko" alikuwa na wimbo mmoja, na kauli yangu siifuti. Nikaongeza kwamba nimeuimba, na nitauimba tena mwakani. Kisha nikafungua simu za wasikilizaji. Hakuna aliyepiga kubishana. Walipiga kuimba, mmoja baada ya mwingine, mpaka taarifa ya habari ikachelewa na mkuu wangu wa kazi akaja kusimama kwenye kioo cha studio. Nilipotoka nje, Issa alikuwa amepaki mbele ya lango.

"Panda, Wimbo Mmoja," akasema.

Aliimba njia nzima mpaka Rahaleo, juu sana, nikamwambia ashushe mzigo. Akashusha. Nikamwitikia.

Lala salama, Mjomba. Kofia yako inanishuka mpaka machoni, lakini mama ameitia pini.

Mpwa wako,
Wimbo Mmoja