Kilichobana Mshipa wa Papa

Ndosho, Goma
9 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Mukamugema,

Huko Kiwanja mnaamkaje? Magoti yako yamepunguza kuuma? Sisi tupo, vumbi la Ndosho tunalila kila siku. Nakuandikia kwa sababu namba yako haiiti tangu uondoke, wala sikulaumu.

Ni juu ya Papa. Unakumbuka alivyosema maumivu ya mguu yalipomrudia wakati wa Pasaka: "Dada yangu alinipatia pombe bila kuonja. Njo sumu ile inaniumiza." Kweli, siku ya kushukuru Mungu kwa mguu wake kufunguliwa mshipa, ulimpa pombe ya mtama bila kuionja kwanza mbele yake, ingawa desturi yetu inataka anayetoa aonje kuonyesha haina sumu. Mimi niliona tu furaha imekusahaulisha. Iliniuma sana ulipofunga mizigo kwa sababu ya maneno yake.

Wiki iliyopita nilimlazimisha kwenda hospitali. Kichwa ngumu yule, alingoja mpaka vidole vikawa baridi! Daktari Gisubizo alimpima, akamwambia: "Hakuna mutu alikuwekea sumu, muzee. Ni mwili yako yenyewe ilizidisha kujiponyesha."

Kumbe puto dogo ambalo madaktari wa Kampala waliliingiza kutanua mshipa lilichubua ukuta wake wa ndani. Damu na ukuta wenyewe vikatoa vichochezi vya ukuaji, ndivyo vinavyoamsha seli za misuli laini ya mshipa. Kwa kawaida seli hizo hukaza na kulegeza mshipa, basi. Zikiamshwa huhamia ndani na kuzaana ili kuziba jeraha. Za Papa zilipitiliza, njia ya damu ikawa nyembamba tena.

Jioni Papa hakugusa ugali. Akaniuliza tu: "Unawaza dada yangu atanifungulia mulango?"

Mshipa lazima ufunguliwe tena upesi, la sivyo mguu utakatwa. Ijumaa anasafiri kwenda Kampala, na amemwagiza dereva apitie kwako. Hataki nimwombee msamaha. Anasema atashuka mwenyewe, atembee mpaka kwako na mguu huo huo.

Mama anakusalimu sana, na kaka yangu Josias na watoto wake wote. Mungu akutunze na kukupa usingizi mwema.

Shangazi, najua alikuumiza. Akibisha, mfungulie.

Mimi nikupendaye, binti wa kaka yako,
Umugwaneza