Kompyuta Iliyosema Kiswahili

Kisauni, Jumanne, Machi 1999

Nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikumwuliza Zuhura kama ana nakala.

Mwalimu mwenzangu huyu alikuwa ameweka mfumo uitwao Linux kwenye kompyuta moja ya chuo. Mfumo ule ni ruhusa mtu kuufungua na kuubadilisha atakavyo, naye usiku na mchana alikuwa akiyageuza maneno yake kuwa Kiswahili. Mwenye chuo akataka kompyuta zote ziwe na mfumo wa kununua, ule wa maofisini. Nikasema sawa, nikaifuta Linux. Zuhura hata kumtetea sikumtetea.

Leo Bi Mwanasha, mwanafunzi wetu mtu mzima, alivua viatu mlangoni kama kawaida, vumbi lisiingie kwenye mashine, akaketi mahali pake. Akakodoa macho. Kiingereza kitupu.

"Mwalimu, ile iliyokuwa ikinambia 'Karibu, andika jina lako' iko wapi?"

"Imeharibika, mama."

Uwongo, wallahi, na Zuhura yuko pale pale anasikia.

"Na hii haiwezi kufundishwa Kiswahili?"

"Hii haifunguki. Walioitengeneza ndio wenye ruhusa."

Akainuka taratibu, akarudi mlangoni kuvaa viatu vyake.

"Basi n'tangoja ile ipone."