Uzi Niliomnyima Kaka Yako

Dada Kusum,

Kaka yako Kishor amekuja kutoka Toronto kukuaga, na mie nimemfanyia ubaya. Bora uusikie kwangu mwenyewe.

Unanijua nilivyo na wivu. Nyinyi Wahindi hamkosi sikukuu! Januari, baridi ya kukata masikio, mnarusha tiara uwanjani Walthamstow, hapa London. Holi mnapakana rangi, na shati langu la ukondakta halikutakata tena. Navratri mnacheza kwa vijiti ukumbini mpaka nyayo ziwake moto. Diwali, taa hadi kwenye ngazi. Na kila moja ina nyimbo zake, vitamu vyake, watu wake. Mie mtu wa Idi mbili nilikuwa nakula ladu zenu huku nimenuna. Kwenye hizo zote nilikuwa mgeni.

Isipokuwa Raksha Bandhan, siku dada anapomfunga kaka yake uzi mkononi. Mwaka wetu wa kwanza London, baada ya Mapinduzi kututoa Unguja, Kishor alikuwa keshakwenda Kanada. Ulikaa na uzi wako, huna wa kumfunga. Ukaniita mie, jirani yako wa tangu Unguja, Mwislamu: "Salum, lete mkono, usijitie haya." Tangu hapo ikawa kila mwaka.

Lakini nilikuwa nakuona. Kishor ukimnunulia uzi madukani Green Street, una vijiwe na nakshi za dhahabu, unaupeleka posta. Wangu unausokota mwenyewe kwa nyuzi za cherehani, ncha moja umeibana kwa kidole cha mguu. Nikijiambia, haya, wa damu kapata dhahabu, mie makombo. Sikukwambia hata siku moja, na roho ikiniuma.

Siku ya mazishi yako, tulipokupeleka kuchomwa kwa mila yenu, Kishor alisimama mbele, mie nyuma na wateja wako wa kushonesha. Nikamchukia, wallahi. Baadaye, jikoni kwako, akanishika mkono, akautazama uzi. "Nani kausokota?" Nikamwambia ni wewe. Machozi yakamtoka palepale. "Hivi ndivyo alivyokuwa akisokota mama. Mie kila mwaka akiniletea wa dukani." Akaniomba mmoja wa zamani, mmoja tu.

Nikamwambia sina.

Nimemdanganya, Kusum. Nyuzi zako zote zimo kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda changu. Na nilifurahi kumnyima! Lakini furaha yenyewe haikunifikisha hata kituo cha basi.

Anaondoka Jumapili. Nakuahidi Jumamosi nitampelekea kopo, achague mwenyewe, hata akitaka mbili.

Pumzika, dada yangu. Ila huu ulionifunga mwaka huu, mikono yako ikitetemeka, Kishor asiuombe. Huu utakatika wenyewe mkononi mwangu.

Kaka yako,
Salum