Mimi na Ufunguo, Yeye na Kamera

Shosti, nacheka peke yangu ofisini kama mwehu 😂😂

Ile kompyuta inayoganda kila tukichomeka kamera, unaikumbuka? Wiki tatu sasa! Na wateja wanakuja kuiona kesho.

Leo tumenuniana na mwenzangu, yule Bwana Najua. Mimi nina ufunguo wa chumba cha mitambo ilimo hiyo kompyuta, yeye ana kamera. Nikakaa mlangoni, nikajisemea akinitaka atanifuata.

Dakika AROBAINI.

Bosi akapita. "Unangoja nini hapo?"
"Namngoja alete kamera."
"Mbona yeye yuko juu anakungoja wewe na ufunguo?"

Shosti. Hapohapo nikajua kinachoigandisha.

Maana ndani ya kompyuta ni hivyohivyo! Sehemu moja ya programu ya kamera imeshika kufuli la kwanza, yaani zamu ya kutumia kitu ambacho wawili hawakitumii pamoja, inangoja la pili. Nyingine imeshika la pili, inangoja la kwanza. Hakuna inayoachia, mashine inakata roho!

Nimepanda ngazi mbio, viatu mkononi. Tumezilazimisha sehemu zote mbili zianze na kufuli lilelile, ya pili isubiri ya kwanza imalize. Tumechomeka kamera mara hamsini, haijaganda hata mara moja!!

Bosi anauliza tumegunduaje.

Bwana Najua, bila hata kupepesa macho: "Ushirikiano tu, bosi."