Mama Neema, Chumba Kizima Kilinuka Kitunguu Saumu

Mama Neema wangu,

Mimi ni mtu wa bahati, usibishe. Nimepeleka mahindi kwa lori hadi Lubumbashi, breki zikanikatikia mteremko wa Lukumburu, nikashuka na kofia yangu kichwani. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza nilijua utapona.

Nimerudi Ruhuwiko kwa watoto, lakini akili imebaki Dar kwenye kitanda chako, siku ile waliyokurudishia seli shina walizozitoa kwenye damu yako na kuzigandisha kabla ya dawa kali za saratani. Koo likakuwasha, uso ukawaka, ukatapika kwenye beseni. Nikakwambia hilo si kitu, meli ya Mbamba Bay ilinitapisha zaidi.

Halafu harufu! Nikamgeukia dada yako mbele ya sista wa wodi. "Shemeji, tumekatazwa dawa za nyumbani. Umemlisha nini?" Maana kwenu mafua ni kitunguu saumu, tumbo kitunguu saumu, hata mtihani wa darasa la saba kitunguu saumu.

"Nikague mkoba basi, shemeji!"

Nikaukagua kweli. Kanga na rozari.

Sista alicheka hadi akashika mlango. Akasema ni ile dawa inayozilinda seli zisipasuke zikigandishwa. Inatoka kwa pumzi na jasho, siku moja mbili imekwisha. Ndiyo hiyo hiyo inayochefua na kuleta joto, ndiyo maana walikuwa wanaziingiza taratibu huku wakikupima presha. Akakupa pipi ya limau.

Ukaniita nisogee. "Baba Neema, unakumbuka sokoni?"

Nisikumbuke? Nilikuwa nashusha dagaa wa Nyasa, nikakutongoza, ukanijibu, "Kaka, hamia kwanza upande wa pili wa upepo." Nimengoja zamu yangu miaka yote hiyo. "Dada," nikasema, "hamia wewe leo." Ukacheka mpaka mashine ikapiga kelele, sista akaja mbio, tukagombezwa wote kama watoto.

Jana shemeji kanipigia. Nimemwomba radhi ya mkoba, kanitukana vizuri, ndipo akaniambia chembe nyeupe za damu zimeanza kupanda. Daktari anasema bado mapema, tungoje. Neema hakungoja: amefua mapazia ya chumba chenye jua.

Kunywa uji hata kama hauna ladha. Na Mungu akulinde.

Ile bahati ni uongo. Breki hazikunikatikia popote, na siku ya kwanza sikujua kama utapona. Nimeanza kuamini jana.

Mumeo,
Baba Neema