Malango ya Mfereji wa Mzee Alan

Jumatatu, 3 Februari
Dawa za asubuhi, uji, kumnyoa ndevu. Kama kawaida, Mzee Alan kanisimulia mfereji wa meli wa kwao Uskoti. Ulichimbwa zamani kwa sululu na koleo, ili meli zikatize nchi kavu zisizunguke kwenye dhoruba. Njiani kuna kilima. Meli inaingia kati ya malango mawili, yanafungwa, maji yanajazwa, inapanda. Babu yake alikuwa akiyafungua. Baba yake pia. Naye mwenyewe, mpaka meli zikawa kubwa kuliko mfereji. Ukafungwa.

Ijumaa, 7 Februari
Habari mbaya kutoka kwao. Malango yatafukiwa, ipite barabara. Mzee hakula. Anataka kwenda kuyaona. Binti yake, Madam Fiona, amekataa: moyo wa baba ni dhaifu, safari ndefu. Mzee kageukia ukutani. Imeniuma. Miaka mitatu sijamwona mama, Singida.

Jumatano, 12 Februari
Bado hazungumzi. Dawa anatema. Madam aliporudi kutoka ofisini Lusail, hapa Qatar, sikuweza kunyamaza.
"Madam, mpeleke. Hapa anakufa kwa hamu."
Akafoka. Mimi si daktari. Kweli, si daktari. Nimeingia jikoni, nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Akinifukuza niende wapi?

Jumamosi, 15 Februari
Hajanifukuza. Kaenda kwa daktari, na daktari kasema uamuzi ni wao. Tiketi zimekatwa.
"Twende wote, Rehema," Mzee kaniambia.
Haiwezekani. Sina viza ya huko. Sikutaka aone machozi, nikajifanya napanga soksi zake.

Jumapili, 23 Februari
Madam ametuma video. Ukungu. Malango ya mbao, yameota majani. Mzee kaegemeza mgongo kwenye boriti ya lango na kusukuma, kama yeye na baba yake walivyokuwa wakifanya. Halikusogea hata kidogo. Akacheka! Sijawahi kumsikia akicheka. Nimeitazama tena na tena. Wivu nao upo.

Jumamosi, 1 Machi
Mfungo umeanza. Madam karudi peke yake. Mzee amekataa kupanda ndege, amebaki kwa dada yake, karibu na mfereji. Yale maneno yangu Madam hakuyataja. Kanikumbatia tu, mlangoni.
Nimetandua kitanda cha Mzee. Baada ya futari nikampigia mama. Akauliza nalia nini. Nikasema nimekumbuka nyumbani.
"Basi njoo," akasema. Kama vile niko mtaa wa pili.