Ng'ombe wa Boma la Mama Kulwa

Jumatatu, 3 Juni

Nimefagia uwanja, nimeanika michembe ya viazi vitamu juu ya mwamba, nimefungua daftari la kaya. Wiki hii ni ya kuhakiki. Daftari langu halina kufutafuta wala wino uliomwagika. Ofisa wa wilaya aliliinua juu kule Isikizya, makao makuu ya wilaya, mbele ya makatibu wa vijiji vyote, akasema hivi ndivyo orodha ya kaya maskini inavyoandikwa. Sijasahau. Sina mpango wa kusahau.

Mchana mwenyekiti wa kitongoji kaniletea maneno. Mama Kulwa, mjane wa ng'ambo ya mbuga, ana ng'ombe tele na bado anapokea ruzuku ya kaya maskini. Kijiji kizima kinanong'ona, eti ni mimi tu nisiyejua. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Kama ni kweli, ni wizi, na umefanyika kwenye daftari langu.

Jumatano, 5 Juni

Nimefika kwa Mama Kulwa wakati wa kukamua. Ng'ombe saba. Mmoja mwekundu, ana baka jeupe begani, amesimama peke yake na wala hali majani. Watoto pacha wa mama huyo, Kulwa na Doto, wanagombea kikombe cha maziwa.

Nikamuuliza ng'ombe ni wa nani. Akasema si wake, amepewa kutunza. Nikamuuliza amepewa na nani. Akainama, akaendelea kusuuza kibuyu.

Desturi hiyo naijua, nimezaliwa ndani yake. Mwenye mifugo mingi humpa mwenzake amlishie. Mtunzaji anapata maziwa na samadi, ng'ombe wanabaki kuwa wa mwenyewe. Lakini hapa kwetu kila anayebanwa husema ng'ombe ni wa mwenzake. Nikauliza mara ya tatu.

"Mwenyewe hataki kutajwa, Mwalimu. Unisamehe."

Sikumsamehe. Darasani, kabla ya kustaafu, nilikuwa siulizi swali mara tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejaza fomu ya kumripoti Mama Kulwa. Mwandiko mzuri. Sijaipeleka. Baiskeli nzima, njia kavu, kisingizio sina. Nitaipeleka Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimepita kwa kaka Yeremia, kama kila Jumapili. Mzee wa kanisa, sauti ya nne kwenye kwaya. Ndiye aliyeacha shule akalima tumbaku ili mimi nisome ualimu. Kila chaki niliyoshika ilikuwa na mkono wake.

Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa. Chini kuna ngozi mbichi, imewambwa kwa vigingi. Nyekundu. Baka jeupe begani.

Nikakaa juu ya gogo. Ng'ombe wa kutunzwa akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, iwe ushahidi kwamba hakumuuza wala hakumla kwa siri. Mama Kulwa kafanya kama inavyotakiwa. Kapeleka ngozi kwa mwenyewe. Kwa kaka yangu.

Na kaka Yeremia yumo kwenye daftari. Kaya maskini, hana mfugo. Nilimwandika mimi. Nilikwenda kwake, nikakuta boma tupu, nikaandika boma tupu. Mimi, binti wa Kinyamwezi, ninayejua tangu utotoni kwamba ng'ombe wa mtu hulala kwa watu! Mgeni kutoka pwani angekosea hivyo, ningemcheka. Nikakosea mimi.

Nimemwambia kaka nilichokiona. Kwanza alicheka. Akasema serikali iliuliza nani ana ng'ombe nyumbani kwake, naye kwake hana hata ndama. Akasema damu nzito kuliko maji. Sikucheka naye. Akaacha kucheka.

"Saini iliyo kwenye daftari ni yako, Mwalimu."

Miaka yote ananiita mdogo wangu. Leo kaniita Mwalimu.

Jumatatu, 10 Juni

Sikwenda Isikizya.

Jumanne, 11 Juni

Hasira. Kwanza kwake, halafu kwangu, halafu kwake tena.

Nimeliweka jambo wazi, kama hesabu ubaoni. Nikipeleka fomu ya Mama Kulwa, kijiji kitanishangilia. Nitabaki na kaka, nitabaki na sifa. Mama Kulwa atabaki na watoto wawili bila ruzuku kwa kosa ambalo si lake. Nikimtaja kaka, nimempoteza. Na daftari la mfano litaonekana lilivyo.

Nampenda kaka yangu. Naliandika ili nilione. Nampenda.

Babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani, miezi kwa miezi, na hakufungua mzigo wa mtu hata siku moja. Kaka ndiye aliyekuwa akitusimulia hayo tukiwa wadogo. Alisimulia vizuri mno. Leo natamani angekuwa bubu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimechana fomu ya Mama Kulwa. Nimeandika nyingine: jina la kaka, ng'ombe wanakolala, na chini yake kosa langu, mstari kwa mstari. Saini.

Isikizya saa nne asubuhi. Ofisa ni yule yule aliyeniinulia daftari. Amesoma mara mbili. Akaniuliza kwa upole kama nimefikiri vizuri, maana huyu ni ndugu. Nikamwambia nimesahihisha kazi za watu miaka thelathini na nne. Kosa nalijua nikiliona, hata likiwa kwa mwandiko wangu.

Nimetoka pale kichwa juu. Nilijisikia mrefu. Nimelia pia, baada ya kuvuka daraja, ambako hakuna nyumba. Sioni kama moja linafuta jingine.

Jumatano, 19 Juni

Watu wa wilaya wamekuja kuhakiki. Ruzuku ya kaka imesimamishwa. Jina la Mama Kulwa limebaki.

Jioni hiyo hiyo kaka kaenda kuchukua ng'ombe wake wote sita. Kawaswaga kupita mbele ya mlango wangu, polepole, ili niwaone vizuri. Nimewaona. Hakunisalimu.

Pacha hawana maziwa tena. Hilo sikuliwaza hata kidogo. Niliwaza haki, niliwaza jina langu, nikasahau kikombe.

Jumamosi, 22 Juni

Mkutano wa kijiji. Nimesimama, nimesoma kosa langu kwa sauti ya darasani. Hakuna aliyecheka. Mkewe kaka aliondoka katikati. Nimeomba wachague mwingine wa kushika daftari. Wamekataa kwa kelele. Nimefurahi, sitajidai sikufurahi.

Kisha mzee mmoja akamgeukia Mama Kulwa. Kwa nini ulificha jina, na wewe ndiye uliyekuwa unafutwa? Mama Kulwa hasemi mikutanoni. Leo kasimama, khanga kaifunga kiunoni.

"Nilipewa ng'ombe, nikapewa na jina la mwenyewe. Vyote viwili nilivitunza."

Akakaa. Nami nilidhani mwanamke mwenye fahari kijijini hapa ni mmoja.

Jumapili, 30 Juni

Kaka kakaa benchi la mbele, mimi la nyuma. Sauti ya nne haikuyumba. Nimeisikiliza mpaka mwisho wa wimbo.

Baada ya ibada nimevuka mbuga. Mama Kulwa alikuwa ndani ya boma tupu, analima matuta ya mchicha. Udongo mweusi kwa samadi ya miaka. Kaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, halafu nikasema nilichokwenda kusema. Kwamba nilimwita mwizi kabla ya kumjua. Kwamba naomba radhi. Sikumbuki kama nimewahi kumwomba radhi mzazi wa mwanafunzi, na wapo niliowakosea.

Akaegemea jembe.

"Nimesikia, Mwalimu."

Akaendelea kulima. Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili. Nimerudi kwa miguu, jua la saa saba, mgongo umenyooka.